Superman mpya: kwa nini mmoja anasema kali, mwingine anataka arudishiwe hela yake

Ugomvi ulianza na kindi.

Tumetoka ukumbini mimi na binamu yangu, saa nne usiku, tumesimama tunasubiri bajaji, mi nina furaha zangu na bisi zimebaki nusu, ye kanuna kama mtu aliyeporwa simu. Namuuliza vipi, mbona hivyo. "Kaka, yaani dubwana refu kama ghorofa linabomoa mji mzima, watu wanakimbia, ye anaacha kupigana anaenda kuokoa kindi? Kindi?" Nikacheka, maana hiyo ndo sini niliyoipenda kuliko zote, nikamwambia hivyo, akaniangalia kama nimemtukania mama. Bajaji ikaja, tukapanda, tukabishana mpaka dereva naye akaingilia, na dereva mwenyewe hakuwa ameiona hiyo muvi, alikuwa ameona trela na posti za watu tu, ila alikuwa na msimamo tayari tena mkali kuliko wa kwetu sote.

Naongelea Superman ya muongozaji James Gunn, iliyoingia sinema Julai 11, 2025, steringi David Corenswet, mpenzi wake Lois Lane ni Rachel Brosnahan, adui Lex Luthor ni Nicholas Hoult. Nimeamua kuandika hii kitu maana nimechoka kukutana na mtu anasema "ina asilimia 83 we hujui muvi" na mwenzake anamjibu "wahakiki wamehongwa", afu wote wawili hawajui hiyo 83 ni ya nini.

Hiyo 83 ni ya Rotten Tomatoes, mtandao unaokusanya maoni ya wahakiki, na siyo maksi. Chukua sufuria ya pilau, ita watu kumi waonje, kila mmoja muulize swali moja tu, inalika au hailiki? Wanane wakisema inalika, pilau lako lina asilimia 80, hata kama wote wanane wamesema "aah, inalika tu, chumvi imepungua kidogo ila si mbaya". Sasa jirani naye kapika la kwake, watano wamelisifia mpaka wakagombania ukoko, watano wametema. Lake lina 50. Kwa mizani hiyo we umemshinda mbali sana, tena ye anawekewa picha ya nyanya iliyooza kabisa, maana chini ya asilimia 60 ndo wanakuwekea hiyo. Lakini ukiniuliza mi, nani kati yenu watu watamkumbuka mwakani, sina uhakika kama ni wewe.

Ndo maana kuna mtandao mwingine, Metacritic, ambao wanakusanya maksi zenyewe wanatafuta wastani, na huko Superman huyuhuyu yuko kwenye sitini na kitu kati ya mia. Muvi ileile, wahakiki wengi walewale, huku 83 kule sitini na kitu, na hakuna aliyedanganya. Maana yake watu wengi wameipenda, ila walioipenda mpaka kuota usiku si wengi kihivyo. Ukishaelewa hapo tu nusu ya mabishano imeisha, sema watu hawataki yaishe.

Kipimo cha tatu ndo kilinishangaza mimi. Marekani kuna kampuni inaitwa CinemaScore, iko Las Vegas, kazi yao ni kwenda kwenye sinema kadhaa siku ya kwanza muvi inapotoka, wanawapa watazamaji kadi, watu wanatoa gredi kama za shuleni, A mpaka F. Aliyeianzisha, Ed Mintz, inasemekana alienda kuona komedi mwishoni mwa miaka ya 70 akatoka hajaipenda kabisa, akamsikia mtu mwingine naye analalamika kwamba bora wangesikia maoni ya watu wa kawaida kuliko ya wahakiki, akaona hapo kuna biashara. Sasa ujue aliyeenda kuona Superman siku ya kwanza usiku ni mtu aliyekuwa anaihesabia siku, kaja na tisheti yenye S kifuani, huyo hata umuonyeshe nini atakupa B. Kwa hiyo kwa muvi za masuperhiro B ni kama umefeli. Batman v Superman ya 2016 ilipata B, na wiki ya pili mauzo ya wikiendi Marekani yakashuka kwa asilimia 69 hivi, yaani walioiona waliwaambia wenzao msiende.

Superman ya Gunn ilipata A-. Safi. Unajua Man of Steel ya 2013, ile ya muongozaji Zack Snyder, Henry Cavill akiwa Superman, ambayo wahakiki waliigawa katikati ikabaki na asilimia hamsini na kitu, unajua kwenye mlango wa sinema ilipata ngapi? A-. Ileile.

Mi nilipoliona hilo nikakaa kimya kwanza. Maana binamu yangu ni mtu wa Snyder, tena wa damu, na miaka yote ananiambia "watu tuliipenda, wahakiki ndo walioiua", na mi namuona ana mahaba tu. Kumbe kwa hilo alikuwa na haki yake. Watu wa siku ya kwanza waliwapenda Superman wote wawili sawasawa, waliopishana sana ni wanaolipwa kuandika. Sikumwambia siku hiyo, atanisumbua mwaka mzima.

Ila hapohapo ndo penye shida ya wale mafani wa Snyder, na nawaelewa. Oktoba 2022 Cavill alitangaza mwenyewe kwamba karudi kuwa Superman, watu wakashangilia, Desemba hiyohiyo akatangaza tena kwamba hapana, hatakuwepo, maana James Gunn na Peter Safran walikuwa wamekabidhiwa DC Studios, studio yenye muvi za Superman, na wanataka kuanza upya na kijana mpya. Miezi miwili tu. Umeahidiwa, umepokonywa, afu unaambiwa njoo ulipie tiketi umuone aliyekaa kwenye kiti cha mtu wako. Hata angekuwa nani, hicho ni chakula cha mama wa kambo, kitakuwa kitamu lakini we unatafuta nywele. Na kweli walizitafuta. Kivazi, eti kwa nini kaptula nyekundu imerudi. Rangi, eti zinang'aa kama katuni za watoto. Mbwa. Aisee mbwa walimsema sana, Krypto, mbwa mweupe mwenye kepu anayeruka angani na hana adabu hata kidogo, ambaye Gunn kamtengeneza kwa kumfuata mbwa wake mwenyewe wa nyumbani.

Upande wa pili kuna wale waliokua na Superman wa 1978, Christopher Reeve, tabasamu, kaptula nje, muziki wa John Williams, na hao wakisikia zile noti zinaingia kwenye trela ya Gunn wanalia kabla hata hawajajua stori. Na kuna wasomaji wa vitabu vya katuni ambao wanajua mbwa yuko kwenye stori tangu miaka ya 50 kwa hiyo wanashangaa mnashangaa nini. Watu wote hao wamekaa ukumbi mmoja, kila mmoja amekuja na Superman wake kichwani.

Sasa nije kwetu, maana sisi tuna kipimo chetu ambacho Wamarekani hawana, nacho ni sheria ya steringi. Aliyekulia kwenye mabanda ya video anaijua, steringi hafi, na akipigwa anapigwa kidogo tu katikati ili apate hasira amalize watu mwishoni. Tumelelewa na kina Schwarzenegger na Van Damme, mtu mmoja anaingia msitu mzima wa wanajeshi anatoka na mkwaruzo shavuni. Gunn kafanyaje? Muvi inaanza na maandishi tu, yanahesabu tatu tatu, karne tatu zilizopita, miongo mitatu, miaka mitatu, wiki tatu, saa tatu, afu dakika tatu zilizopita Superman kapigwa kwa mara ya kwanza maishani mwake. Paa, mtu anaanguka kwenye theluji kama gunia, damu mdomoni, mbavu zimekwenda, hawezi hata kuinuka, anapiga mluzi kumuita mbwa, na mbwa anakuja kucheza naye badala ya kumsaidia. Hiyo ndo dakika ya kwanza. Ukumbini nyuma yangu kuna mtu alisema kwa sauti "huyu ndo steringi?"

Na anaendelea kupigwa. Anapigwa na jitu lililojifunika mask ambalo Luthor analielekeza kwa namba kama kocha pembeni ya uwanja, anajaziwa vidude mapafuni anakosa pumzi, anafungwa jela anadhoofishwa kwa kryptonite, lile jiwe linalommaliza nguvu. Kwa binamu yangu huo ni udhaifu wa muvi, Superman gani anapigwa hivi. Kwangu mi ndo muvi yenyewe, maana mtu asiyeumia hana cha kuogopa na mtu asiye na cha kuogopa ukimwita shujaa unamsingizia tu. Lakini siwezi kusema binamu anakosea, ye kalipia tiketi kwenda kumuona mtu mwenye nguvu kuliko wote duniani, na kaonyeshwa mtu anayehemewa.

Tena nikubali, kuna sehemu muvi inajiharibia yenyewe. Watu wamejaa mno. Kuna lile genge la masuperhiro wengine, kuna ulimwengu mdogo wa siri aliouunda Luthor, kuna mto wa ajabu, shimo linameza mji, vita vya nchi mbili, waandishi wa habari, nakala ya Superman mwenyewe (clone), mtoto mchanga wa kijani, yote ndani ya saa mbili na dakika chache, ukienda chooni ukirudi umepitwa na wahusika watatu. Na vichekesho vingine vinaingia mahali ambapo mtu alikuwa anataka kusikia uchungu kidogo.

Ila kuna bishano moja ambalo si la mahaba wala la vipimo, ni la stori yenyewe, na ndo la maana kuliko yote. (Kama hujaiona na unataka kwenda ruka aya hii na inayofuata, mi nishakwambia.) Miaka yote Superman amejituliza na ujumbe wa wazazi wake wa sayari ya Krypton, wamemtuma duniani kwa upendo, ila ujumbe umeharibika nusu. Luthor anaingia kwenye ngome ya barafu ya Superman, anaipata ile nusu ya pili, anaitangaza dunia nzima isikie, na nusu ya pili inasema nenda ukawatawale, viumbe wale ni dhaifu, oa wake wengi ueneze uzao wetu. Yaani fikiria umeishi na wosia wa baba aliyekufa, umeushika kama mboni ya jicho, halafu adui yako anausoma msibani mbele ya watu na kumbe baba alikuwa na mengine.

Mashabiki wa zamani hapa waliwaka, maana kwa miaka mingi Jor-El, baba yake wa Krypton, ni mtu mwenye hekima, wengine wakaanza kujipa moyo kwamba Luthor kaughushi, Gunn akajibu kwamba hapana, ni wa kweli. Sasa kama unaamini Superman ni mwema kwa sababu ya alikotoka, hii muvi imemchafua. Lakini anayemwinua ni mzee wa Kansas aliyemlea, mwenye shati la shambani, anayeongea polepole akitafuta maneno, na ukiangalia mwishoni anatulizwa na nini, si ujumbe wa Krypton tena, ni video za zamani za wazee hao waliomlea. Waswahili tulishalimaliza hili zamani, kuzaa si kazi, kazi kulea. Ndo maana nadhani hiyo sehemu kwetu iliingia bila shida kuliko ilivyoingia kwa wenzetu, mi hata sikujua kama ni skendo mpaka nilipoanza kusoma watu wanavyogombana.

Na siasa je? Hiyo ilikuwepo hata kabla muvi haijatoka. Gunn aliongea na gazeti moja la Uingereza akasema Superman ni stori ya mhamiaji, watangazaji wa mrengo wa kulia Marekani wakalivalia njuga, wengine wakasema wanaisusa. Sijui walifikiri huyu mtu aliyeshushwa na chombo kutoka sayari nyingine ni mwenyeji wa wapi. Waliomtunga, Jerry Siegel na Joe Shuster, ni vijana wa Cleveland wa familia za Wayahudi wahamiaji, walimtoa kwenye kitabu cha katuni 1938, uhamiaji wake haujaanza na Gunn. Halafu ile nchi ya kubuni Boravia inavyovamia jirani yake maskini Jarhanpur, wengi waliona Gaza, wengine wakaona Ukraine, Gunn akasema hakuwa analenga huko, lakini muvi ikishatoka mkononi mwa mtu haimsikilizi tena. Kwa hiyo mtu anaweza kuipa nyota tano au moja na asiwe ameizungumzia muvi hata sekunde moja.

Rotten Tomatoes wenyewe walishachoka na hilo, tangu 2019, baada ya Captain Marvel kuporomoshewa maoni mabaya na watu kabla haijatoka, wakabadilisha mfumo, kukawa na alama ya watazamaji ambao tiketi zao zimethibitishwa. Na ndani ya hii Superman kuna kitu nilicheka peke yangu, Luthor ana nyani amewafungia wamekaa kwenye kompyuta kazi yao ni kuandika matusi dhidi ya Superman mtandaoni mchana na usiku. Binamu akasema hapo Gunn anatutukana sisi. Nikamwambia mi sijasema kitu.

Kwenye hela nako kuna fumbo lake. Bajeti ilitajwa dola milioni 225, mapato dunia nzima zaidi ya milioni 610, ikawa ndo muvi ya superhiro iliyoingiza kuliko zote kwa mwaka huo wa 2025. Ukisikia hivyo unasema imeua. Lakini Man of Steel miaka 12 nyuma iliingiza zaidi ya milioni 660, hapo bei za tiketi zilikuwa chini. Angalia zaidi, Marekani na Kanada Gunn kashinda, milioni 354 hivi kwa 291. Nje ya huko ndo kapigwa, tena mbali. Yaani nyumbani kapendwa zaidi, ugenini kapendwa kidogo. Gunn mwenyewe aligusia kwamba kuna nchi Superman si maarufu kihivyo, na kwamba siku hizi kuna watu wamechoshwa na Marekani yenyewe. Mi naongeza langu, ucheshi hausafiri vizuri. Mtu akivunjiwa ghorofa anaelewa hata Mchina, ila utani wa Gunn unategemea maneno na unavyoyatamka, ukisoma chini kwa maandishi umeshachelewa kucheka. Ngumi za Snyder hazihitaji mkalimani.

Kitu kimoja ambacho wote tulikubaliana, mimi, binamu, nadhani hata dereva wa bajaji angekubali, ni Mister Terrific. Edi Gathegi, kazaliwa Nairobi, kakulia California, anaigiza jamaa mwenye akili kuliko wote asiye na muda na ujinga wa mtu. Kuna sini anawapiga wanajeshi wa Luthor peke yake ufukweni, hanyanyui hata mkono vizuri, vile vimpira vyake vinazunguka vinafanya kazi yote, sisi tunaangalia kutoka alipo Lois ndani ya povu la kinga, muziki wa furaha unapiga. Ukumbi ulipiga makofi. Na mtu huyuhuyu 2011 kwenye X-Men: First Class walimpa uwezo wa kubadilika ili ahimili chochote kinachoweza kumuua, halafu wakamuua mapema, kwa hiyo Wakenya walikuwa wanadai deni la miaka 14.

Wiki iliyofuata nilikuwa kwa dada, binamu naye alikuwepo, tumeanza tena ubishi wa kindi, mtoto wa dada ana miaka kumi akasema ye keshaiona, kaiona kibandani, ya kutafsiriwa. Sasa kama umekulia Afrika Mashariki unajua ya kutafsiriwa ni muvi nyingine kabisa, DJ anaingiza yake, kuna mazungumzo marefu ya Lois na Clark (ndo Superman huyohuyo, jina lake la kawaida) sebuleni anamhoji kama mwandishi wa habari, dakika nyingi watu wameketi wanaongea tu, ambayo kwangu ndo uigizaji bora wa muvi nzima, mtoto akasema hapo DJ alieleza kwamba demu anamdai hela ya kodi ya nyumba. Tukacheka.

Nikamuuliza, na pale kwenye kindi je?

"Mjomba, si DJ alisema yule kindi ana mimba."

Binamu akanyamaza kidogo, akaweka kikombe chini. "Eeh," akasema, "sasa hapo naelewa."